Watoto wa Unga na Mkaa

"Shika vizuri, Wendo. Zungusha!"

Wendo alishika ncha moja ya blanketi. Mama alishika ncha nyingine. Walikuwa wanakamua.

Mama alizungusha kulia. Wendo alizungusha kushoto. Maji yakatoka. Chururu, chururu, chururu!

"Tena," Mama alisema. "Bado zito hili."

Wendo alikuwa na miaka sita na mikono midogo. Alikamua mpaka ulimi ukatoka nje.

Nguo nyingine zilikuwa zimeshakauka kwenye kamba. Shuka mbili nyeupe. Kaniki mbili, nyeusi tii. Upepo ulizipeperusha, pepe, pepe, pepe.

Mara miguu ikasikika njiani. Pu, pu, pu, pu!

Alikuwa Nyemo, kaka yake Wendo. Alikuwa anahema.

"Mama! Mama! Wamezaa!"

"Nani wamezaa? Pumua kwanza."

"Unga kazaa! Mkaa naye kazaa! Wote wawili, huko huko malishoni! Baba anakuja nao!"

Wendo akaachia blanketi. Blanketi likaanguka kwenye vumbi. Pwaa!

Mama aliliangalia blanketi. Kisha akaangalia juu. Wingu kubwa lilikuwa linakuja.

"Haya," Mama alisema. "Hilo tutalifua tena kesho. Anueni nguo zilizokauka. Mvua hiyo."

Unga alikuwa mbuzi. Alikuwa mweupe kama unga.

Mkaa naye alikuwa mbuzi. Alikuwa mweusi kama mkaa.

Beberu wao aliitwa Chumvi. Alikuwa mweupe kama chumvi, na alikuwa na ndevu.

Majina yote hayo aliyatoa Wendo. Aliyapata jikoni.

Unga hakuwahi kuzaa. Mkaa hakuwahi kuzaa. Leo ilikuwa mara yao ya kwanza.

Baba alifika na mbuzi wote, na mvua nyuma yake.

Koti la Baba lilikuwa limevimba huku na huku. Upande wa kushoto kulitoka kichwa kidogo cheupe. Upande wa kulia kulitoka kichwa kidogo cheusi.

"Mee," kilisema cha kushoto.

"Mee," kilisema cha kulia.

"Jamani!" Wendo aliruka. "Wadogo hivyo!"

"Umewakuta wapi?" Mama aliuliza.

"Nyuma ya kichaka," Baba alisema. "Wamesimama pamoja, wameegemeana. Mama zao wote wawili wako pale pale, wanalia. Nikaona mvua. Nikawabeba mbio."

"Sasa nani ni wa nani?"

Baba akacheka.

"Mama Nyemo, swali gani hilo? Si una macho? Mweupe kwa mweupe. Mweusi kwa mweusi. Wachungaji wote hapa tunapanga hivyo."

Basi wakaingia bandani. Baba akamweka mtoto mweupe kwa Unga. Akamweka mtoto mweusi kwa Mkaa.

"Mweupe kwa mweupe," Baba alisema. "Mweusi kwa mweusi. Kazi imekwisha."

Lakini kazi haikuwa imekwisha.

Unga alimnusa mtoto mweupe. Nusa, nusa. Akageuza uso. Mtoto alipomfuata, akapiga teke. Ta!

Mkaa alimnusa mtoto mweusi. Nusa, nusa. Akainamisha pembe. Gudu! Mtoto akaanguka kwenye majani.

Mtoto mweupe akalia. Mtoto mweusi akalia.

"Mee, mee, naona njaa!
Mama, mbona wanikataa?"

"Ni mara yao ya kwanza," Baba alisema. "Hawajui kazi ya umama. Watazoea tu."

Mvua ikaanza kunyesha. Juu ya bati ikapiga, papapapa, papapapa!

Wakasubiri. Mbuzi hawakuzoea.

Baba akamshika Unga kwa nguvu. "Nyonya, mwanangu, nyonya!" alimwambia mtoto mweupe. Unga akajilaza chini, akaficha chuchu zake zote.

Mama akajaribu kumkamua Mkaa kwenye kikombe. Mkaa akapiga teke. Kikombe kikaruka. Kwaa!

Na watoto wakalia tena, lakini sasa kwa sauti ndogo.

"Mee, mee, naona njaa.
Mama, mbona wanikataa?"

Mama akaingiza kidole kinywani mwa mtoto mweupe. Akaingiza kidole kinywani mwa mtoto mweusi.

"Vinywa vya baridi," alisema. "Hawajapata dang'a."

"Dang'a ni nini?" Wendo aliuliza.

"Ni maziwa ya kwanza kabisa. Mazito, ya manjano. Mtoto akiyanyonya, anapata joto na nguvu."

"Asiponyonya je?"

"Kwa baridi hii, atakufa, Wendo."

Mama hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

Wendo akawaangalia wale watoto wawili. Miguu yao ilikuwa inatetemeka. Tete, tete, tete.

"Walete jikoni," Mama alisema. "Tuwape joto kwanza."

Wakakimbia kwenye mvua. Baba alimbeba mweupe. Mama alimbeba mweusi. Nyemo alibeba kikombe kilichobonyea.

Mama akawafunga watoto kwenye gunia kavu, karibu na moto. Moto ulilia, tata, tata.

"Labda hawana mama," Nyemo alisema. "Labda Baba kawaokota tu. Kama Wendo."

"Mimi sikuokotwa!" Wendo alisema.

"Uliokotwa. Mwangalie Mama, mweusi. Jiangalie wewe, maji ya kunde. Tulikuokota malishoni, ukilia mee."

"Nyemo!" Mama alisema. "Nitakufunga kwenye hilo gunia."

Nyemo akacheka. Lakini Wendo hakucheka. Alikuwa anawaza.

Sokoni, watu huwa wanamwuliza Mama, "Huyu mtoto ni wako kweli?"

Na Mama hujibu, "Wangu. Nilimzaa mwenyewe, na haikuwa kazi ndogo."

Wendo hafanani rangi na Mama. Lakini Mama ni mama yake.

Wendo akawaangalia watoto wa mbuzi. Mmoja mweupe. Mmoja mweusi. Akasimama.

"Baba," alisema. "Labda hawajakataliwa na mama zao."

"Wamekataliwa. Umeona mwenyewe."

"Nimeona. Lakini labda wale si mama zao. Labda mweupe ni wa Mkaa. Labda mweusi ni wa Unga."

Baba akatikisa kichwa.

"Haiwezekani, mwanangu. Unga ni mweupe. Chumvi, baba yao, ni mweupe. Mweupe na mweupe watapata wapi mtoto mweusi?"

"Tujaribu tu, Baba!"

"Umeziona pembe za Mkaa? Akimpiga na huyu wa pili, tutakosa wote wawili. Siwezi kubahatisha."

Wendo akamwangalia Mama.

Mama alikuwa amechoka. Amefua toka asubuhi. Lakini Mama alikuwa anaziangalia zile nguo kavu kwenye kapu.

"Inawezekana," Mama alisema.

"Inawezekana vipi?" Baba aliuliza.

"Nitakuonyesha, wakati wanapata joto. Wendo, njoo. Wewe ni Unga."

Mama akachukua kaniki, akamfunga Wendo. Kisha akachukua shuka nyeupe, akamfunga juu yake. Kaniki haikuonekana hata kidogo.

"Huyu mbuzi ana rangi gani?"

"Nyeupe," Nyemo alisema.

"Na chini yake?"

Nyemo akachungulia shingoni kwa Wendo. "Kaniki!"

"Basi kila mbuzi yuko hivyo," Mama alisema. "Ana nguo mbili za rangi. Moja alipewa na mama yake. Moja alipewa na baba yake."

"Mbuzi ana nguo?" Wendo akacheka.

"Si nguo za kufua. Zimo ndani ya mwili, ndogo mno, macho hayazioni. Shuleni tuliziita vinasaba. Ila leo tuziite nguo. Na kwa hawa mbuzi wetu, nyeupe ikiwepo, inakaa juu."

Wendo akarudia taratibu.

"Moja ya mama, moja ya baba.
Nyeupe ikiwepo, inakaa juu."

"Sasa, Baba Nyemo," Mama alisema. "Mama yake Unga alikuwa nani?"

Baba akakuna kidevu. "Masizi. Yule niliyemuuza."

"Alikuwa na rangi gani?"

"Alikuwa mweusi." Baba akaacha kukuna kidevu. "Mweusi tii."

"Mbuzi mweusi tii ana nguo gani?" Mama aliwauliza watoto.

Wendo akawaza. Nyeupe ikiwepo, inakaa juu. Masizi hakuwa na nyeupe juu.

"Kaniki mbili!" alisema. "Hana nyeupe hata moja!"

"Basi alimpa Unga nguo gani?"

"Kaniki! Hakuwa na nyingine ya kumpa!"

"Kwa hiyo Unga ana kaniki chini," Mama alisema. "Anayo tangu azaliwe. Sisi tunaona nyeupe tu."

Baba akasogea karibu na moto. "Na Chumvi je? Mama yake simjui. Nilimnunua mnadani."

"Basi hatujui ana nini chini. Tuseme naye ana kaniki. Nyemo, wewe ni Chumvi."

Mama akamfunga Nyemo kaniki ya pili. Juu yake akamfunga shuka nyeupe ya pili.

"Mee," Nyemo alisema, akajivuta ndevu ambazo hakuwa nazo.

"Tumepata mama. Tumepata baba," Mama alisema. "Mtoto yuko wapi?"

Wote wakamgeukia Baba.

"Nani? Mimi?"

"Piga magoti, Baba Nyemo. Muda hatuna."

Baba akapiga magoti. Akaweka mikono chini.

"Mee," Baba alisema, kwa sauti nzito kama ya ngoma.

Wale watoto wa mbuzi kwenye gunia wakainua masikio.

"Sikilizeni," Mama alisema. "Kila mzazi anatoa nguo moja tu kati ya mbili zake. Wala hachagui. Fumbeni macho. Chomoeni!"

Wendo akafumba macho, akachomoa. Shuka nyeupe!

Nyemo akafumba macho, akachomoa. Shuka nyeupe!

Mama akamfunika Baba zote mbili. Baba akawa mweupe.

"Mtoto mweupe," Baba alisema akiwa chini ya shuka. "Nilisema mimi!"

"Subiri, mtoto mdogo haongei," Mama alisema, akawarudishia nguo zao. "Tena!"

Wendo akachomoa. Kaniki!

Nyemo akachomoa. Shuka nyeupe!

Mama akaweka kaniki chini, na shuka nyeupe juu. Baba akawa mweupe tena.

"Moja ya mama, moja ya baba," Wendo aliimba. "Nyeupe ikiwepo, inakaa juu!"

"Tena!" Mama alisema.

Wendo akafumba macho, akachomoa. Kaniki!

Nyemo akafumba macho. Akapapasa. Akachomoa.

Kaniki!

Mama akamfunika Baba kaniki ya kwanza. Akamfunika kaniki ya pili. Nyeupe haikuwepo.

Baba akawa mweusi, kuanzia kichwani mpaka mkiani.

"Mkia sina," Baba alisema.

Lakini hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wanaangalia.

"Mama mweupe," Nyemo alisema taratibu. "Baba mweupe. Mtoto mweusi."

"Na Mkaa?" Wendo aliuliza. "Mkaa anapataje mtoto mweupe?"

"Fikiri mwenyewe. Mkaa ana nguo gani?"

"Kaniki mbili."

"Anatoa nini?"

"Kaniki."

"Na Chumvi akitoa shuka nyeupe?"

Wendo akaruka. "Nyeupe inakaa juu! Mtoto anakuwa mweupe kama baba yake!"

Baba akainuka. Kaniki zilikuwa bado zinaning'inia mabegani.

"Kwa hiyo mweusi ni wa Unga, na mweupe ni wa Mkaa?"

"Sisemi ndivyo ilivyo," Mama alisema. "Nasema inaweza kuwa hivyo. Wenye kujua ni mbuzi wenyewe. Wao hawaangalii rangi. Wananusa."

Baba akazivua zile kaniki. Mvua ikapiga bati. Papapapa, papapapa.

Kwenye gunia, sauti mbili zikatoka. Zilikuwa ndogo, ndogo sana.

"Mee, mee, naona njaa.
Mama, mbona wanikataa?"

"Haya," Baba alisema. "Tujaribu. Lakini pembe za Mkaa nitazishika mimi."

Wakarudi bandani. Mama alishika taa. Wendo alimbeba mtoto mweupe kifuani. Aliusikia moyo wake. Tu, tu, tu, tu.

Baba akashika pembe za Mkaa, moja huku, moja huku.

"Mweke chini, Wendo. Taratibu. Kisha rudi nyuma."

Wendo akamweka chini. Akarudi nyuma. Akafumba macho. Alikuwa anasubiri ile sauti. Gudu!

Mkaa akanusa. Nusa.

Akanusa tena. Nusa, nusa.

Akanusa chini ya mkia. Nusa, nusa, nusa.

Wendo hakusikia gudu.

Alisikia sauti nyingine. Ilikuwa ya chini, laini, kama mtu anayeongea usingizini.

"Mmm-hm-hm-hm."

Wendo akafumbua jicho moja.

Mkaa alikuwa anamlamba mtoto mweupe. Alimlamba masikio. Alimlamba pua. Alimlamba mpaka mtoto akayumba.

"Baba," Wendo alisema. "Achia pembe."

Baba akaachia.

Mtoto mweupe akatafuta huku. Akatafuta kule. Akagonga goti la mama yake. Kisha akapata.

Chwi, chwi, chwi, chwi!

Mkia wake mdogo ukaanza kutikisika. Tiki, tiki, tiki!

"Ananyonya!" Nyemo alipiga kelele. "Mama, ananyonya!"

"Naona. Usipige kelele. Mleteni yule mwingine."

Nyemo akamleta mtoto mweusi, akamweka mbele ya Unga.

Unga hakungoja kunusa mara tatu. Alinusa mara moja tu. Akasema, "Mmm-hm-hm!" Akasogeza mguu wake wa nyuma, ili mtoto apite.

Chwi, chwi, chwi, chwi! Tiki, tiki, tiki!

Baba akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Akashusha pumzi. Huuuu!

Mama akaegemea mlango. Akashusha pumzi. Huuuu!

Wendo na Nyemo wakaangaliana. Nao wakashusha pumzi. Huuuu!

Hata mvua ilipungua. Pa, pa. Pa.

"Miaka yote hii," Baba alisema. "Mweupe kwa mweupe, mweusi kwa mweusi. Sijui nimekosea mara ngapi."

"Sasa unajua," Mama alisema.

Wendo alikuwa anahesabu nguo kwa vidole.

"Mtoto wa Unga ni mweusi. Ana kaniki mbili. Moja kapewa na Unga. Ya pili..." Macho yake yakawa makubwa. "Ya pili kapewa na Chumvi! Kumbe Chumvi naye ana kaniki chini!"

Wote wakamgeukia Chumvi.

Chumvi alikuwa amesimama pembeni, mweupe, na ndevu zake. Alikuwa anatafuna majani, kama hajui lolote.

"Beberu huyu!" Baba alisema. "Tangu nimnunue, hajaniambia!"

Wakacheka. Nyemo alicheka mpaka akakaa kwenye matope.

Mama akaingiza kidole kinywani mwa mtoto mweupe. Akaingiza kidole kinywani mwa mtoto mweusi. Safari hii alitabasamu.

"Vya moto," alisema. "Wamepona."

Wakatoka nje. Ardhi ilinukia mvua. Njiani, Wendo alishika kitenge cha Mama.

"Mama, mimi nina nguo mbili?"

"Wewe una nyingi sana. Za rangi, za pua, za vidole, za urefu. Watu si kama wale mbuzi. Rangi ya mtu peke yake ina nguo tele, zinachanganyika. Ndiyo maana watu wana rangi nyingi."

"Nani kanipa?"

"Nusu mimi. Nusu Baba yako."

"Mbona zako hazionekani?"

"Nyingine zinaonekana. Nyingine zimekaa chini. Kukaa chini si kupotea."

Wendo akatembea kidogo. Akaruka dimbwi. Chubwi!

"Kwa hiyo mimi ni wako hata kwa zile zisizoonekana?"

"Hasa kwa hizo," Mama alisema. "Sasa kalete kuni kabla moto haujazimika."

Wendo akapita mbele ya Nyemo. Akasimama.

Nyemo alikuwa na masikio makubwa, yaliyosimama. Baba naye alikuwa na masikio makubwa, yaliyosimama. Taa iliyaangaza yote manne.

"Na wewe," Wendo alisema, "masikio hayo uliyaokota wapi?"

Nyemo akayashika masikio yake. Baba naye akayashika ya kwake.

"Haya ni yangu," Baba alisema. "Nilimpa mwenyewe. Na mimi nilipewa na baba yangu."

"Pole, Nyemo," Wendo alisema, akakimbia kuchukua kuni.

"Nitakukamata!" Nyemo alisema. Lakini alikuwa anacheka.

Jikoni, Mama akasonga ugali wa uwele. Mwiko ukazunguka, gu, gu, gu. Mlenda ukachemka kwenye chungu, bwaku, bwaku, bwaku.

Baba akatandika mkeka. Nyemo akaleta maji ya kunawa. Wendo akapanga bakuli.

Kutoka bandani hakukusikika kilio. Hakukusikika teke. Sauti ilikuwa moja tu, ya chini na laini.

"Mmm-hm-hm-hm."

Mama akaweka ugali katikati ya mkeka. Mvuke ukapanda. Akainua taa, akaangalia, kama anavyofanya kila jioni.

"Mbuzi?"

"Wamo wote," Baba alisema. "Na wawili zaidi."

"Baba Nyemo?"

"Nipo."

"Nyemo?"

"Nipo. Na masikio yangu."

"Wendo?"

"Nipo!"

Mama akatua taa chini. Akachukua mwiko, ili aukwangue. Akataka kurudi kwenye chungu. Akataka kuangalia blanketi. Akataka kuangalia moto.

"Na Mama?" Wendo aliuliza.

Mama akasimama kidogo. Kisha akaweka mwiko. Akakaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akanawa mikono.

"Nipo," Mama alisema. "Haya, kuleni. Ugali unapoa."